Mahari Gani

Siwapendi watu wa kile kituo cha wabunifu, na sitaanza kujifanya leo kwa sababu tu ninaandika. Kiko orofa ya pili ya jengo moja hapa Kakamega mjini, juu ya duka la vipuri vya baiskeli, na kuta zake zimepakwa rangi ambazo mtu mwenye akili timamu hangeziweka pamoja. Kuna mito mikubwa ya kukalia ambayo ukishazama, kuinuka ni kazi ya watu wawili. Kuna birika la umeme lisilowahi kuona majani ya chai. Kila Ijumaa meneja wa kituo alitutumia jarida la habari kwenye kikundi chetu cha simu: nani amepata mfadhili, nani amepigwa picha na mheshimiwa, nani ameenda mkutano Nairobi akarudi na mfuko wa kitambaa. Kila jarida lilianza na maneno "mfumo ikolojia wetu wa ubunifu." Mara ya kwanza kuyasoma nilidhani wanazungumzia msitu.

Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisomea chuo cha ufundi cha Sigalagala, na huko ndiko nilikokutana na mwenzangu, kijana wa huku huku kwetu, mwenye ulimi mtamu na viatu visafi hata msimu wa mvua. Tulifungua kampuni changa, yeye na mimi. Mimi niliandika programu, yeye akaongea. Wakati huo niliuona mgao huo kuwa wa haki.

Wazo letu lilikuwa zuri. Mpaka leo naliona zuri, ndiyo maana hasira haijaniisha. Wakulima wa miwa wa Butere na Ekero, wengi wao watu wazima, hawapendi kuandika kwenye simu. Macho hayaoni vizuri, vidole ni vinene, na herufi zenyewe ni ndogo. Lakini kuongea wanaweza, tena sana. Basi tukatengeneza nambari ya kupiga. Mkulima ambaye miwa yake imekomaa anapiga, mashine inamuuliza maswali matatu, anajibu kwa mdomo, na ujumbe unawafikia wakataji na wenye trekta walio karibu. Shamba liko mahali gani, ni ekari ngapi, na je, trekta inaweza kufika. Basi.

Kilichobaki kilikuwa sauti ya kuuliza maswali hayo, na sauti niliyoijua mimi ilikuwa moja.

Mama yangu analima miwa upande wa Butere. Ni mwanamke mfupi, mkali, mwenye sauti inayovuka barabara. Tangu nipate akili, yeye ndiye msomaji wa matangazo kanisani kwetu. Mazishi, michango, harusi, mikutano ya akina mama, yote hupitia kinywani mwake. Kipaza sauti hakigusi. Mtu akisinzia wakati wa mahubiri, huamka wakati wa matangazo. Shule hakufika mbali, shamba si kubwa, na mume alizikwa mapema, kwa hiyo cheo chake chote duniani ni kile cha kusimama mbele Jumapili na karatasi mkononi. Mgeni akija kwetu siku hiyo, kabla hajapewa maji huulizwa kama alisikia vizuri akiwa kule nyuma.

Na kama wengi wa kwetu, l na r kwake ni mapacha: huita yule aliye karibu. Lori ni rori, harusi ni halusi, na mahali ni mahari. Hajawahi kutokea mtu akaikosa harusi kwa sababu hiyo.

Tulirekodi chumbani kwake, godoro likiwa limeegemezwa dirishani ili kuzuia kelele za kuku. Alivaa nguo ya kanisani, ingawa nilimwambia kwamba hakuna atakayemwona. Alikohoa, akasimama wima, akasema: "Shamba rako riko mahari gani?" Mwenzangu alikuwa ameketi kitandani, akainua kidole gumba. Nililisikia lile r, na nililiacha kwa makusudi. Wateja wetu walisema hivyo hivyo, na mashine nilikuwa nimeifundisha kupokea yote mawili, mahali na mahari, Butere na Butele, Ekero na Ekelo. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi niliyojivunia kuliko zote. Siku ile Mama alimchinjia mwenzangu kuku, na firigisi, ambayo kwetu ni ya mgeni wa heshima, akamwekea yeye.

Kazi ilianza na ikaenda. Wakulima walimjibu Mama kama mtu. Wengine walimsalimu kwanza, Bwana asifiwe, na wale wa upande wa Mumias wakamtolea salamu aleikum kabla ya kutaja shamba. Kuna mzee aliyemweleza mashine kisa kirefu cha jirani aliyemchomea miwa, na mwisho akasahau kutaja ekari. Mama mwenyewe aliipiga nambari ile akipata wageni. Aliweka simu mezani, akafungulia sauti, akasikiliza swali la kwanza hadi mwisho na kukata. Kisha aliwatazama wageni mmoja mmoja.

Ikaja siku ya kunadi. Hiyo ndiyo siku kampuni changa zote za kituoni husimama mbele ya wageni kutoka Nairobi na kujipiga kifua. Meneja alikuwa ametangaza kwenye jarida wiki nzima. Viti vilikodishwa, sambusa zikaletwa, na kila mtu alikuwa na kadi shingoni yenye jina lake, hata tuliozoeana. Mwenzangu alisimama mbele kwa suti. Alieleza vizuri, sikatai. Kisha akaipiga nambari yetu, akaiweka simu kwenye kipaza sauti, na Mama akaujaza ukumbi: "Shamba rako riko mahari gani?"

Mgeni mmoja wa mstari wa mbele, mwenye miwani ya fremu nyekundu, alimgeukia jirani yake akauliza kwa sauti ya kusikika kama huku mashamba yanaozwa. Ukumbi mzima ukacheka. Hawa si watu wa mbali, ni watoto wa Malava, Shinyalu na Khwisero, ambao mama zao wanasema rori kila siku ya Mungu, na walivunjika mbavu. Meneja alijifuta machozi. Nikamtazama mwenzangu, nikingoja aseme neno moja tu. Huyu ni mtu ambaye akikasirika husema "rakini". Naye alikuwa anacheka, na alipomaliza akaukaribia mdomo wa kipaza sauti.

"Tunaomba radhi kwa lafudhi hiyo ya kijijini," alisema. "Ni sauti ya majaribio tu."

Nilikuwa nimesimama ukutani na sambusa mkononi. Niliirudisha kwenye sahani. Nimejaribu kutafuta neno la upole zaidi la kile nilichohisi na silipati: nilimchukia.

Kabla wageni hawajaondoka, kipande cha video kilikuwa tayari kwenye kikundi. Kufikia jioni kulikuwa na kingine, sauti ya Mama imewekewa mdundo wa kuchezea dansi, mahari gani, mahari gani, huku watu wawili wa kampuni ya kuuza mboga mtandaoni wakikata viuno. Jarida la Ijumaa lilikuwa na kichwa kipya, "Kicheko cha Wiki," na chini yake tulikuwa sisi. Kampuni yetu ilikuwa na jina la Kiingereza ambalo nimelisahau kwa kupenda. Kuanzia wiki ile hakuna aliyelitumia. Tuliitwa Mahari Gani.

Nilimwomba meneja aondoe video. Alinipigapiga begani, mkono ambao sikuuomba, akanieleza kwamba katika biashara hata kuchekwa ni kuonekana, na kwamba kampuni nyingine pale zingetamani kuzungumzwa hivyo. Nikamuuliza kama mama yake yuko hai. Akasema yuko. Nikamuuliza mama huyo hutamkaje neno mahali. Akasema ana simu inayoita.

Tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu, na wala hakikuwa cha kampuni: habari hiyo isimfikie Mama. Ana simu ndogo ya vitufe, ile tunaita kabambe, isiyoweza kuonyesha video. Nililitegemea hilo. Nilijiambia kwamba kicheko cha kituoni kitabaki kituoni, kwa sababu watu wale hawana habari na dunia inayoanzia chini ya ngazi zao.

Mwenzangu, kwa upande wake, alikuwa ameshapewa ushauri. Alinunua sauti mpya kutoka studio moja ya Nairobi, ya mwanamke anayetamka kila herufi kana kwamba anaikabidhi kwa risiti. Hilo peke yake ningelimeza kwa shida. Lakini aliingia pia kwenye programu yangu, akafuta yale masikio niliyoipa mashine, ili ikubali Kiswahili sanifu peke yake. Washauri walimwambia kwamba data chafu inashusha thamani ya kampuni. Alinieleza hivyo akinitazama usoni, tena kwa upole, kama daktari. Data chafu ni mimi, ni yeye, ni kata nzima. Nilimwambia yeye na meneja maneno ambayo siyarudii hapa kwa sababu Mama anajua kusoma. Kisha nikachukua kompyuta yangu na kikombe changu nikashuka ngazi.

Nilirudi nyumbani Jumapili iliyofuata. Ulipofika wakati wa matangazo, aliyesimama alikuwa mwanamke mwingine. Alisoma ameinamisha kichwa, na sisi wa nyuma tuliambulia majina ya watu bila kujua kama wanaoa au wamekufa. Mama alikuwa mstari wake wa siku zote, mikono juu ya mkoba. Njiani aliniambia koo linamuuma.

Mchana alikula obusuma, ugali wetu, na mboga hadi akaongeza, na kabla ya vyombo kuoshwa alikuwa uani akigombana na jirani ng'ambo ya ua juu ya mbuzi. Koo halikuwa na neno. Nikajua habari imemfikia.

Aliniambia mwenyewe tulipokuwa tukichambua maharagwe. Alipata wageni, akaipiga nambari ili wamsikie, akatoka mtu mwingine. Akafikiri amekosea kubonyeza, akapiga tena. Wageni walikuwa wameshaanza kutazama dari. Akamuuliza kijana wa kwaya, mwenye simu kubwa, na kijana yule, kwa furaha kabisa, akamwonyesha video ile ya dansi. Alidhani Mama atafurahi kujulikana.

"Kumbe ndio mlikuwa munanichekanga huko," aliniambia.

Nikasema mimi sikucheka.

"Najua," akasema, akaendelea na maharagwe.

Hilo liliniuma kuliko kama angenitukana. Kuanzia siku hiyo aliacha Kiswahili. Nami aliongea Kiluhya tu, na dukani pia, na hata kwa fundi wa baiskeli ambaye si wa kabila letu, akimwonyesha kwa kidole. Mchungaji alikuja kumwomba arudie matangazo, akajibiwa kwa Kiluhya kwamba kuna vijana waliosoma. Kila Jumapili yule mwanamke mwingine aliinamisha kichwa akanong'ona, na kila Jumapili nilikaa pale nikiwahesabia watu wa kituo makosa yao mmoja baada ya mwingine wakati wengine wakisali.

Huko mjini mambo yalikuwa yamekwama, na sitasema uongo, nilifurahi. Wakulima walikuwa wanaisikia sauti mpya na kukata simu. Huku kwetu mwanamke wa Kiswahili kilichonyooka akikupigia ni kimoja: anadai mkopo wa simu, wako au wa shemeji yako. Nani angekaa amsikilize? Wachache waliovumilia walitaja shamba lao kwa namna yao, na mashine ikawaambia samahani, haijawaelewa, tafadhali wataje mahali. Wakarudia mahari yao. Samahani, ikasema. Mwenzangu alinipigia mara nyingi, na mara zote niliiangalia simu ikiita hadi ikanyamaza.

Hatimaye alikuja nyumbani Jumamosi moja, yeye na meneja. Walileta mkate na sukari. Sukari, kwa mkulima wa miwa. Meneja aliingia langoni akiwa ameshainua simu anarekodi, mti, kuku, mlango wetu, na akaniambia bila aibu kwamba jarida la Ijumaa limeshapata kichwa, "Sauti ya Mama Yarejea." Nilitaka kuwafungulia mbwa. Mama akanikatalia kwa macho, akawakaribisha sebuleni kwa ishara ya mkono.

Safari hii hakukuwa na ingokho, kuku wa mgeni. Waliletewa turungi, chai bila maziwa wala sukari, na ng'ombe wetu akilia nyuma ya nyumba wakamsikia. Mwenzangu aliongea. Alimwita mama yetu sote. Alisema jamii nzima ya wabunifu inamhitaji, kwamba wamegundua thamani ya uhalisia, kwamba walimkosea bila kujua. Alimvika kilemba cha ukoka, akakirekebisha, akamvika kingine juu yake. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kikombe mapajani, bila kutikisa kichwa. Meneja alisogea na simu yake ili aupate uso. Ndipo Mama alipofungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa Kiswahili, cha kwanza kukisikia kwake tangu maharagwe.

"Sasa mahari iko wapi?"

Mwenzangu akatabasamu kwa nafuu. Aliinama mbele na kusema polepole, kama unavyomsemesha mtu mwenye masikio mazito.

"Mahali ni pale pale mjini, Mama. Orofa ya pili. Tutakutumia bodaboda ikuchukue hapa hapa."

Mimi nililielewa lile neno kabla yake, nikaushika mlango nisicheke. Mama aliweka kikombe chini.

"Sikuuriza njia," alisema. "Nimesema mahari. Ya ng'ombe."

Mwenzangu alimtazama meneja, na meneja akashusha simu.

"Mlikuja hapa mkachukua sauti yangu," Mama akaendelea, kwa ile sauti yake ya mbele ya kanisa. "Sikuitisha kitu, nirisema ni ya mtoto. Mkaichoka, mkaitupa, hakuna mtu arikuja kuniambia. Hata bibi akikataliwa anaretwanga kwao na watu, wanakaa kwa hii viti, wanasema sababu. Sasa munaitaka tena. Basi rudini na wazee na ng'ombe, tuongee kama watu."

Mwenzangu aliuliza kama anatania. Mama alimwambia amalize chai. Alimaliza, yote, chungu vile, kwa sababu hakujua la kufanya na macho yale. Walipoinuka Mama aliwarudishia sukari yao mikononi, kwani kwetu ukishapokea sukari ya mgeni wa aina hiyo umekubali maongezi. Mkate aliuacha, akawapa kuku kabla hawajafika langoni.

Jarida la Ijumaa halikutaja ziara ile. Lilisema tu kampuni yetu ya zamani inatafuta mwelekeo mpya, maneno ambayo huko kituoni ndiyo mazishi. Nilikuwa bado kwenye kikundi, nikisubiri hasa habari hiyo. Niliisoma yote, nikajitoa. Sijawasamehe, na mwenzangu nikimwona mjini navuka barabara.

Jumapili iliyofuata Mama alivaa nguo yake ya kurekodia. Wakati wa matangazo ulipofika, yule mwanamke mwingine aliinuka, akamwona Mama ameshafika mbele na mkono umenyooshwa, akampa karatasi na kukaa. Mama alisoma mazishi. Akasoma michango. Akafika kwenye mkutano.

"Mkutano wa akina mama utakuwa Jumatano, mahari pa kawaida."

Kwenye benchi la vijana mtu akacheka kwa pua, na mwingine akamfuata. Nilijiinua nusu. Mama hakunihitaji. Alishusha karatasi, akaliangalia benchi lile hadi kicheko kikafa, akaendelea kuliangalia hadi na waliokuwa wakijikohoza wakanyamaza. Kisha akaiinua karatasi tena, akalirudia tangazo kutoka mwanzo, polepole, r yake yote ikiwa ndani.

Jumatano akina mama wote walifika.